Sura ya Saba: Waya Usio na Mwenyewe

Daktari Najat alikigeuza kiganja cha kulia cha maiti, akakiacha wazi chini ya taa.

"Angalia hapo."

Inspekta Paskazia Mihayo aliinama. Katikati ya kiganja palikuwa na doa la kijivu, kavu, kingo zake zimeinuka kidogo kama ukoko. Lilikuwa na ukubwa wa punje ya hindi.

"Moto?"

"Umeme. Uliingilia hapo, ukatokea huku." Daktari alifunua unyayo wa kushoto. Chini ya kidole gumba palikuwa na doa jingine, dogo kuliko lile la kwanza.

Sajini Rahim, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa mochwari na leso puani, alisogea hatua moja.

"Lakini huyu ameokotwa ziwani, daktari. Ziwani hakuna umeme."

"Ndiyo maana nimewaita," Najat alisema.

Maiti ilikuwa ya Evelina Kija, mhadhiri msaidizi wa Chuo Kikuu cha Ghuba. Wavuvi walimkuta asubuhi ya Alhamisi akielea katikati ya vizimba vya samaki, mbele ya rasi ya Igwata. Boti ya kituo cha utafiti ilikuwa imesukumwa na mawimbi hadi kwenye matete, haina mtu. Polisi wa zamu waliandika kwamba amezama wakati wa mvua kubwa ya Jumatano mchana, wakamkamata mwendesha boti. Jalada lilipofika mezani kwa Paskazia lilikuwa jembamba, na mkuu wake alimwambia alimalize upesi, kwa kuwa mkoa na chuo walikuwa wanajiandaa kutiliana saini awamu ya pili ya ubia wao, na kituo hicho ndicho kilichokuwa cha kuonyeshwa wageni.

"Alipoletwa alikuwa amevaa nini miguuni?" Paskazia aliuliza.

"Mabuti ya mpira. Yale pale."

Paskazia alilichukua buti la kushoto, akaingiza mkono ndani, akalipapasa soli yote. Hapakuwa na tundu wala alama ya kuungua. Alilirudisha mahali pake.

"Alipopigwa na umeme alikuwa pekupeku," alisema. "Mabuti amevishwa baadaye."

"Hayo ni ya kwako," Najat alisema. "Mimi nasema mwili tu."

"Umeme ndio uliomuua?"

"Inawezekana. Sijampasua. Nilikuwa namsubiri mama yake aje amtambue. Ametoka Nansio, kisiwani, na meli ya asubuhi, yuko nje."

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la saruji, mkoba mapajani. Aliitwa Rebeka. Alikuwa amefunga kitenge juu ya gauni la kanisani, na viatu vyake vilikuwa vimepakwa rangi upya. Paskazia alikaa pembeni yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeshughulikia mambo ya Evelina?"

"Ndiye mimi. Pole sana."

"Asante." Rebeka alitazama ukuta wa mbele. "Walinipigia simu kwamba amezama. Nikawauliza, amezama vipi? Sisi kule watoto wanaoga ziwani kila siku. Evelina alikuwa anawashinda kaka zake kuogelea. Lakini nikasema sawa, maji ni maji."

"Aliwahi kukueleza habari za kazini?"

"Alisema anafundisha vijiji kufuga samaki. Alisema mkoa na chuo wameungana, sasa mambo yatakwenda." Aliunyoosha ukanda wa mkoba wake. "Na alisema kuna kitu kinamchosha. Hakusema ni nini. Alisema, 'Mama, kila mlango ninaobisha naambiwa si hapa.'"

Hakulia. Alipoitwa ndani alinyanyuka, akaingia, akatoka, akakaa palepale.

"Ni yeye," alisema.

*

Yakobo, mwendesha boti, aliletwa kutoka mahabusu akiwa ameshika suruali kiunoni kwa sababu mkanda ulichukuliwa. Alikuwa mtu mzima, kichwa kimeanza mvi, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Ulisema Jumatano ulishinda kituo cha utafiti ukitengeneza injini," Paskazia alianza.

"Ndiyo, afande."

"Injini ilikuwa wapi?"

"Stoo."

"Umeifungua kwenye boti ukaipeleka stoo?"

"Tangu Jumanne. Ilikuwa inakohoa."

"Na stoo ina kufuli, na ufunguo ulikutwa mfukoni mwako. Sajini amekwenda leo asubuhi kuifungua. Injini iko chini, haijaguswa, spana hazina hata alama ya grisi. Ulitengeneza nini?"

Yakobo aliivuta suruali juu.

"Mtu amekufa, na wewe unadanganya mahali ulipokuwa. Unajua inavyoonekana?"

"Najua."

"Sasa?"

Aliangalia mlango kwanza kuhakikisha umefungwa.

"Nilivuka Kamanga kwa kivuko. Nina mtoto kule. Alikuwa na malaria. Mama yake... mama yake siye mke wangu, afande. Na mke wangu ndiye anayeniletea chakula hapa."

"Ukaona heri kesi ya mtu aliyekufa."

"Niliona mtagundua wenyewe kwamba si mimi. Ile kesi nyingine, ya nyumbani, haina mtu wa kunitoa."

Rahim alikohoa kuficha kicheko. Paskazia aliandika neno Kamanga, akauliza jina la mwanamke na la zahanati, akaandika na hayo.

"Boti ilitokaje bila injini?"

"Kwa makasia. Lakini boti ile nzito. Na upepo wa siku ile, mtu mmoja ingemzungusha tu mahali pamoja. Waliopiga kasia ni watu wawili."

"Evelina na mtu mwingine?"

"Sijui walikuwa nani. Nasema watu wawili."

Kabla ya saa sita mchana nesi wa zahanati ya upande wa pili alikuwa amethibitisha kwa simu kwamba Yakobo alishinda hapo na mtoto mpaka mvua ilipoacha. Paskazia aliagiza apewe mkanda wake. Hakumwachia bado.

*

Kituo cha Igwata kilikuwa mwisho wa barabara ya vumbi, baada ya kuacha lami ya kwenda Airport. Bango la getini lilikuwa na nembo mbili, ya mkoa kushoto na ya chuo kulia, na mikono miwili iliyoshikana katikati. Dokta Nestory Kashindye, mkuu wa kituo, aliwapokea kwenye ngazi. Alikuwa mrefu, shati limepigwa pasi, sauti ya chini ya mtu aliyefundisha miaka mingi madarasani bila kipaza sauti.

"Tumepoteza mtu mzuri," alisema. "Nimekuwa nikijiuliza alifuata nini ziwani siku kama ile."

"Umepata jibu?"

"Labda aliogopa vizimba vitakatika kamba. Alikuwa mtu wa kujituma."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa ofisini. Mvua ilikuwa kubwa, huoni hata ziwa. Sikujua kama ametoka."

"Nataka kuona alipokuwa anafanyia kazi."

Banda la vifaranga wa samaki lilikuwa jengo refu la matofali, sakafu ya saruji, matangi ya plastiki ya bluu yamepangwa pande zote mbili. Mlangoni palikuwa na safu ya mabuti. Dokta Nestory alivua viatu, akavaa kandambili za mpira.

"Utaratibu wetu. Mabuti yanaishia hapa, yasituletee magonjwa kutoka nje."

"Naona kandambili jozi moja tu."

"Nyingine zimekatika. Wengine wanaingia pekupeku kwa sasa."

"Nani wa kununua?"

"Hilo linazungumzwa."

Paskazia alivua viatu, akaingia pekupeku. Sakafu ilikuwa na maji membamba yasiyokauka. Hewa ilitoka kwenye mipira midogo ndani ya kila tangi, ikichemsha maji. Tangi la tatu lilikuwa tupu na limesuguliwa.

"Hapa?"

"Jumatano umeme ulikatika kwa mvua. Pampu ikasimama, vifaranga wakakosa hewa, wakafa wote."

"Wa tangi hili peke yake?"

"Hawa walikuwa wengi mno. Hewa iliwaishia kwanza."

Pampu ilikuwa juu ya stuli ya chuma kando ya tangi. Waya wake ulitoka kwenye soketi ya ukutani, mweupe, unang'aa. Ukuta ulikuwa na miaka ya vumbi na utando wa buibui, na vibanio vilivyoushika waya huo vilikuwa na kutu.

"Waya mpya."

"Ule wa zamani ulikuwa umechoka. Nimeubadilisha."

"Lini?"

Alitazama tangi. "Alhamisi."

"Siku mliyompata Evelina."

"Kazi haiwezi kusimama, Inspekta. Vifaranga hawasubiri msiba."

"Ulikuwa umechoka muda mrefu?"

"Tuliuombea. Unajua, ubia una makubaliano yake. Ardhi na majengo ni vya mkoa. Vifaa na wataalamu ni vya chuo. Ukuta ukipasuka, mkoa. Pampu ikiungua, chuo."

"Na waya unaotoka ukutani kwenda kwenye pampu?"

Dokta Nestory alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyewahi kuulizwa hilo kikaoni.

"Huo umejadiliwa sana."

"Ikaamuliwaje?"

"Haijaamuliwa."

Walipotoka, Paskazia alisimama kando ya gari akapiga miguu chini kuondoa maji. Alimwonyesha Rahim kwa kidevu mashine ya kusaga iliyokuwa upande wa pili wa barabara, nguzo ileile ya umeme ikigawa waya mmoja kwa kituo na mwingine kwa mashine.

"Kaulize Jumatano walisaga saa ngapi."

Rahim alirudi na unga kwenye mabega ya sare.

"Mama mwenye mashine anasema walisaga mchana kutwa. Mvua ndiyo iliwaletea watu, walikuja kujibanza. Umeme haukukatika hata kidogo."

"Basi ulikatika ndani ya banda tu," Paskazia alisema. "Kuna mtu alizima swichi."

*

Mratibu wa ubia upande wa mkoa aliitwa Makame. Ofisi yake ilikuwa Nyamagana, ghorofa ya juu, dirisha likitazama paa za soko. Kwenye kona mabango ya sherehe yalikuwa yamekunjwa na kufungwa kamba. Alikuwa mnene kiasi, mchangamfu, na alimpa Paskazia ncha za vidole badala ya mkono mzima.

"Karibu, afande Inspekta. Karibu chai. Mambo haya yametuvunja moyo sana."

"Jumatano ulikuwa wapi, bwana Makame?"

"Hapahapa. Tulikuwa na kikao cha maandalizi. Watu wa chuo, watu wetu, siku nzima."

"Ulikaa mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Alikinyanyua kikombe kwa vidole tu, kiganja kimekaa mbali na joto. Paskazia alisubiri akiweke chini.

"Mikono imefanya nini?"

"Aa, jembe." Alicheka. "Nina kishamba Kisesa. Mtu wa ofisi ukishika jembe siku moja, wiki nzima unaugua."

Aliifungua mwenyewe ili ionekane. Malengelenge yalikuwa yamepasuka na kukauka, yamejipanga chini ya vidole vya mikono yote miwili, sawasawa kulia na kushoto.

"Umelima zao gani?"

"Mahindi."

"Na ule waya ni wa nani?"

"Wa chuo," Makame alijibu bila kusita. "Tulishasema tangu mwanzo, kila kilichochomekwa ni..." Alisimama. Akachukua kijiko, akakoroga chai ambayo ilikuwa imekwisha kukorogwa. "Waya upi?"

Paskazia alifunga daftari lake. Alimtazama Rahim, Rahim akatoka. Kupitia mlango uliobaki nusu wazi sauti ya katibu muhtasi ilisikika ikieleza kwa heshima zote kwamba bwana Makame Jumatano alitoka kikaoni kabla ya chakula, akachukua gari kupeleka mabango Igwata, na hakurudi. Kesho yake alikuja na mafua.

Makame aliisikia pia. Uso haukubadilika sana. Alikuwa kama mtu aliyesimama kwenye foleni ndefu na sasa ameitwa.

"Naweza kumpigia mke wangu?"

"Ukifika kituoni," Paskazia alisema.

Hakuuliza zaidi. Walishuka ngazi wote watatu, Makame mbele, akiwaitikia salamu watu waliopanda.

Simu ya Najat iliingia Paskazia akiwa kwenye maegesho.

"Nimemaliza," daktari alisema. "Kaa mahali."

"Sema tu."

"Moyo ulipata mshtuko, hilo lipo. Angeweza kuzimia muda mrefu, mapigo yakawa madogo kiasi kwamba mtu asiyezoea hayapati. Lakini hakufa kwa umeme. Mapafu yamejaa maji, Paskazia. Maji na ule ukijani wa ziwani, mpaka chini kabisa, mpaka kwenye tumbo. Amezama."

Bodaboda mbili zilipita zikipigiana honi. Paskazia alizisubiri ziishe.

"Una uhakika?"

"Nimekagua mara mbili. Nilitaka nisiwe na uhakika."

"Sawa," alisema. "Asante, daktari."

Alikata simu, akaifuta kioo kwa pindo la shati, akaiweka mfukoni. Rahim alimuuliza kama kuna jipya. Alimwambia ampeleke Makame kituoni na amtoe Yakobo, kisha alichukua gari lingine na konstebo mmoja akarudi Igwata.

*

Dokta Nestory alikuwa bandani akiwapa vifaranga chakula. Alikuwa akikirusha kwa vidole vitatu, kidogo kidogo, na uso wa maji ulikuwa ukitetemeka kila chembe ilipoanguka. Hakugeuka.

"Makame yuko polisi," Paskazia alisema.

Mkono uliendelea kurusha.

"Umeme haukukatika. Boti haikuwa na injini. Evelina alipigwa na umeme hapa, pekupeku, akavishwa mabuti ambayo hayakuungua. Mlikuwa wawili kwenye makasia. Ninachotaka ni wewe uniambie ilivyokwenda, kwa mpangilio."

Aliliweka bakuli la chakula juu ya kizingo cha tangi. Alijifuta vidole kwenye leso, kimoja kimoja.

"Nilisikia kitu kimeanguka," alisema. "Mvua ilikuwa inapiga bati, lakini nilisikia. Nikaja. Alikuwa pale, chini, mkono umeshika stuli ya pampu. Nilikimbilia swichi kubwa nikazima. Nikamvuta."

"Halafu?"

"Nikamwita. Nikamshika shingoni. Hapakuwa na kitu."

"Ulimshika kwa muda gani?"

"Sijui. Kidogo tu. Ndipo Makame akaingia na mabango."

"Nani alisema ziwani?"

Alifikiri, kama mwanafunzi anayetaka kutoa jibu sahihi.

"Sikumbuki aliyesema. Kweli sikumbuki. Tulikuwa tunaongea. Yeye alisema, kifo kikiwa humu ndani wataalamu watakuja, wataukuta waya, watauliza ni wa nani. Mimi nikasema, watafunga kituo. Akasema, mkoa utaingia kesi na chuo. Nikasema, vijiji vinangoja vizimba, akina mama wameshajiunga vikundi. Kila mmoja alikuwa anamalizia maneno ya mwenzake." Aliikunja leso. "Miaka minne ya ubia, hatujawahi kukubaliana jambo upesi namna ile."

"Mkamvisha mabuti."

"Mimi nilimvisha. Mtu wa kwenda kwenye vizimba angevaa mabuti."

"Mtoto wa Nansio akiingia botini anavua viatu."

"Sikulijua hilo. Mimi nimetoka Shinyanga."

"Hamkumpigia mtu simu. Hospitali, polisi, mtu yeyote."

"Alikuwa amekwisha kufa."

Konstebo mlangoni alibadilisha mguu wa kusimamia. Matangi yalikuwa yakichemka kwa hewa.

"Evelina alikuja kwangu kuhusu ule waya," Dokta Nestory aliendelea bila kuulizwa. "Si mara moja. Nikampeleka kwa Makame. Makame akamrudisha chuoni. Chuoni wakamwambia aandike kupitia kwangu. Mara ya mwisho aliniambia, 'Dokta, basi mimi nitaununua.' Nikamkataza. Nilimwambia tukiununua sisi, tutakuwa tumekubali kwamba ni wetu."

"Na Alhamisi ukaununua."

"Duka liko pale barabara kubwa. Sikumaliza hata dakika kumi."

Paskazia alisogea kwenye tangi la karibu, akatazama ndani. Vifaranga walikuwa wadogo kama kope.

"Maji haya mnayatoa wapi?"

Dokta Nestory alishangaa swali. "Kisima kirefu. Halafu tunayachuja."

"Si ya ziwani?"

"Hapana. Ya ziwani yana mwani mwingi sana, hasa upande huu. Ule ukijani. Ukiwaletea vifaranga unawaua. Maji ya humu ni safi kabisa."

"Kwa hiyo mtu akianguka humu, akameza maji ya humu, hutakuta mwani ndani yake."

"Hutakuta."

"Na mtu aliyekwisha kufa akitupwa ziwani. Wewe ni mtaalamu wa viumbe, nieleze. Ule mwani unaweza kufika chini kabisa ya mapafu?"

"Hapana," alisema, kwa sauti ileile ya darasani. "Maji kidogo yanaweza kuingia kooni. Lakini kufika chini lazima yavutwe. Lazima mtu awe ana..."

Hakumalizia. Mdomo ulibaki wazi mahali neno lilipokatikia. Aliutazama mkono wake wa kulia, ule aliokuwa amemshika nao shingoni, akaugeuza juu, akaugeuza chini.

"Daktari amempasua leo," Paskazia alisema.

"Tumboni pia?"

"Tumboni pia."

Alitikisa kichwa taratibu, akikubali, kama anavyokubali mtu matokeo ya maabara. Kisha akakaa sakafuni kwenye maji, mgongo kwenye tangi tupu, na suruali yake ya pasi ikalowa mpaka mapajani.

"Alifumbua jicho," alisema.

"Lini?"

"Botini. Makame alikuwa amempa mgongo. Nilidhani ni mvua. Mvua ilikuwa inampiga usoni, nikadhani ni mvua inayotikisa kope." Aliongea bila kupandisha sauti. "Niliangalia upande mwingine, nikaendelea kupiga kasia."

Paskazia alikwenda mlangoni. Hapakuwa na swali jingine alilokuwa analihitaji. Alimwambia konstebo amsaidie kunyanyuka, na walipomnyanyua Dokta Nestory aliomba avae viatu vyake, akavaa, akafunga kamba vizuri, akatangulia kwenda garini.

"Makame anajua?" aliuliza akiwa ameshika mlango.

"Bado."

"Atakayemwambia asimwambie habari ya jicho. Hilo ni langu."

"Vyote vitaandikwa," Paskazia alisema.

Mkuu wake alimpigia wakiwa njiani. Aliuliza kama ni ajali. Paskazia alijibu kwamba ilianza kama ajali. Sauti ikamuuliza kama ana uhakika, na akasema anao, na ikasema basi, aandike kama ilivyo.

*

Jua lilikuwa bado liko juu ya kilima aliporudi hospitalini. Rebeka alikuwa kwenye benchi lilelile. Mtu alikuwa amemletea soda, ameifungua, hajainywa. Paskazia alikaa pembeni yake kama asubuhi.

"Mama, kuna watu wawili tumewakamata. Mkuu wake wa kazi, na mtu wa mkoani aliyekuwa anafanya nao kazi."

"Waligombana naye?"

"Hapana. Alipigwa na umeme kazini. Waya ulikuwa mbovu. Walidhani amekufa, wakaogopa lawama, wakampeleka ziwani ionekane amezama."

Rebeka alisikiliza akiangalia mbele.

"Walidhani," alisema.

"Ndiyo."

"Kumbe?"

Paskazia alikuwa amewahi kutoa habari za namna hii, na alijua kwamba hakuna namna ya kuzitoa.

"Kumbe alikuwa hajafa, mama."

Ndani ya jengo mtu alikuwa akisukuma kitanda chenye gurudumu bovu. Kilipita, sauti ikaisha mwisho wa korido. Rebeka alikuwa ameushika mkoba kwa mikono miwili.

"Alijua? Alipokuwa majini, alijua?"

"Daktari anasema alikuwa amezimia. Anafikiri hakujua."

"Anafikiri."

"Ndiyo, mama."

"Kwa sababu angejua angeogelea," Rebeka alisema. "Angeogelea akatoka." Alilirudia mara moja tena, taratibu, kisha akaliacha. Paskazia hakuondoka.

"Hiyo sehemu ya kazi," mama aliuliza mwishowe, "mpaka hapa hospitali ni mbali?"

"Hapana, mama."

"Wana gari?"

"Wana gari."

Rebeka aliitikia kwa kichwa. Aliichukua ile chupa ya soda, akaitazama, akaiweka chini pembeni ya mguu wa benchi, kwa uangalifu, isije ikamwagika.